Skeli na Udogo: Uchambuzi wa Vipimo vya Nyumba za Wanasesere na Mifano Midogo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mfumo wa skeli unaotumika katika kutengeneza nyumba za wanasesere, reli za mfano na maumbo mengine madogo yanayowakilisha vitu halisi. Hoja ya msingi ni kwamba udogo unaoelezwa na sarufi ya Kiswahili kwa kiambishi ki- ni tofauti kimsingi na udogo unaoelezwa na skeli, na kwamba kuchanganya dhana hizi mbili huzaa makosa katika tafsiri, katika ufundishaji na katika maelezo ya vielelezo vya makumbusho. Makala yanachunguza chimbuko la skeli ya 1:12, uhusiano wake na skeli nyingine, tofauti kati ya skeli na upana wa reli, athari za skeli katika eneo na ujazo, na mipaka ambayo maumbile yameiwekea kazi ya kupunguza vitu. Mwishoni inaelezwa njia ya kuikadiria skeli ya kitu kisicho na maelezo.

1.0 Utangulizi

Mtoto anayemtengenezea mwanasesere wake nyumba kwa boksi la viatu hahitaji hesabu. Mlango utakuwa mlango maadamu mwanasesere anaweza kupitishwa, na kifuniko cha chupa kitakuwa sufuria hata kama sufuria hiyo ni kubwa kuliko kitanda. Katika mchezo wa aina hii, kinachokifanya kitu kidogo kiwakilishe kitu kikubwa ni makubaliano ya wachezaji. Lakini ipo aina nyingine ya nyumba za wanasesere, ambayo kila kilichomo, kuanzia paa hadi kijiko, kimepunguzwa kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Kiasi hicho ndicho kinachoitwa skeli.

Istilahi skeli si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Inatumika katika masomo ya jiografia na hisabati, hususan katika usomaji wa ramani na uchoraji wa maumbo. Neno la Kiingereza lilikotoholewa lina maana nyingi: hutaja mizani ya kupimia uzito, magamba ya samaki, ngazi ya sauti katika muziki na ngazi ya mishahara. Kiswahili kilikwisha kuwa na maneno yake kwa baadhi ya maana hizo, na neno mizani lilikwisha kupewa kazi ya ziada ya kutaja idadi ya silabi katika mshororo wa shairi. Kwa hiyo utohozi ulichukua maana moja mahususi: uwiano usiobadilika kati ya urefu katika mchoro au umbo na urefu huo huo katika kitu halisi. Maana hiyo finyu ni faida kwa lugha, na ndiyo itakayofuatwa katika makala haya.

2.0 Udogo wa Ngeli na Udogo wa Skeli

Kiswahili kina njia ya kimofolojia ya kudogosha nomino. Kutokana na nyumba hupatikana jumba kwa ukubwa na kijumba kwa udogo. Kutokana na mtu hupatikana jitu na kijitu. Kutokana na ndege hupatikana kidege. Mabadiliko haya yana sifa tatu zinazopasa kuzingatiwa hapa.

Kwanza, udogo wa ngeli ni wa kulinganisha na matarajio, si wa kupima. Kijumba ni nyumba iliyo ndogo kuliko ile ambayo msemaji angeitarajia, na lugha haisemi ni ndogo kwa kiasi gani. Pili, udogo huo aghalabu hubeba hisia. Anayesema kijitu huenda anadharau, na anayesema kitoto huenda anabembeleza au anabeza, kwa kutegemea muktadha. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, udogo wa ngeli haudai kwamba sehemu zote za kitu zipungue kwa kiasi kimoja. Kijumba cha mlinzi kina dari la chini na chumba kimoja, lakini mlango wake hauna budi kumtosha mtu mzima, na kiti kilichomo ni kiti cha kawaida.

Skeli ni kinyume cha hayo yote. Haina hisia, inapimika, na inadai usawa wa upungufu katika kila sehemu. Nyumba ya wanasesere iliyotengenezwa kwa skeli ya 1:12 si kijumba kwa maana ya ngeli. Inaweza kuwa mfano wa jumba la kifalme lenye kumbi na ngazi pana, na ikabaki kuwa jumba katika kila uhusiano wa sehemu zake, ingawa inaenea juu ya meza. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na maelezo ya nyumba kama hiyo na kuiita kijumba huwa amehifadhi ukubwa wa kitu mezani lakini amepoteza ukubwa wa kitu kinachowakilishwa. Neno mfano nalo ni pana mno likisimama peke yake, kwa kuwa hutaja pia tamthili, kielelezo na kigezo. Maneno mfano kwa skeli, yakifuatwa na uwiano wenyewe, huondoa utata huo bila ya kuhitaji istilahi mpya.

3.0 Chimbuko la Skeli ya 1:12

Nyumba za wanasesere za kale zaidi zinazojulikana Ulaya hazikuwa vitu vya kuchezea watoto. Mtawala Albrecht V wa Bavaria alitengenezewa moja mnamo 1558, ikiwa ni sehemu ya mali za fahari. Mjini Amsterdam, Petronella Oortman alikusanya vyombo vya nyumba yake ndogo kati ya takriban 1686 na 1710. Nyumba hiyo, ambayo sasa imo katika Rijksmuseum, imo ndani ya kabati lenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, na vyombo vyake viliagizwa kwa mafundi wa fani halisi: mhunzi wa fedha alitengeneza fedha, na mfinyanzi alifinyanga. Katika kazi za namna hiyo uwiano ulitafutwa kwa jicho la fundi. Hapakuwa na kiwango kimoja kilichokubaliwa baina ya nyumba na nyumba.

Kuenea kwa skeli ya 1:12 kunatokana na mfumo wa vipimo wa Uingereza. Kwa kuwa futi moja ina inchi 12, fundi anayetaka kupunguza kitu mara 12 hana haja ya kugawanya. Husoma futi na kuandika inchi. Meza yenye urefu wa futi nne huwa na urefu wa inchi nne, na mtu wa futi sita huwa wa inchi sita. Skeli hii huitwa pia inchi moja kwa futi moja, na jina hilo linaonyesha bayana kwamba ilizaliwa katika rula ya seremala.

Kazi iliyoipa skeli hii heshima kubwa ni nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza. Ilisanifiwa na Edwin Lutyens, ikajengwa kati ya 1921 na 1924, na kuonyeshwa katika maonyesho ya Dola ya Uingereza yaliyofanyika Wembley mwaka 1924. Baadaye ilihamishiwa Windsor Castle, ambako bado inaonyeshwa. Ina urefu wa takriban mita moja na nusu, taa za umeme, lifti, mabomba yanayotoa maji, na maktaba ya vitabu vidogo ambavyo waandishi wa wakati huo, miongoni mwao Arthur Conan Doyle na Rudyard Kipling, walichangia.

Nchini Marekani, Narcissa Niblack Thorne alisimamia utengenezaji wa vyumba vya historia ya usanifu kwa skeli hiyo hiyo. Vyumba 68 vilivyotengenezwa kati ya 1932 na 1940 vimehifadhiwa katika Art Institute of Chicago. Frances Glessner Lee naye, katika miaka ya 1940, alitumia skeli ya 1:12 kutengeneza vyumba vilivyoonyesha mazingira ya vifo vyenye utata, ili wapelelezi wajifunze kutazama. Vyumba 18 kati ya hivyo vimehifadhiwa Baltimore. Mfano wa Lee unaonyesha kwa nini uwiano si pambo tu. Iwapo kiti kilichoanguka ni kikubwa kuliko kinavyopasa, au dirisha liko juu mno, mpelelezi atahitimisha jambo lisilowezekana. Hapo skeli ni sharti la ukweli wa ushahidi.

4.0 Ukoo wa Skeli za Inchi

Skeli nyingi za maumbo madogo zilizaliwa katika ukoo mmoja na ile ya 1:12, yaani kwa kuilinganisha inchi au sehemu yake na kipimo kikubwa zaidi. Vipimo vya mwili vinavyojulikana katika Kiswahili navyo vinaingia katika ukoo huo. Shibiri hukadiriwa kuwa inchi 9, dhiraa inchi 18, wari inchi 36 na pima inchi 72, kila kimoja kikiwa mara mbili ya kilichotangulia. Kwa sababu hiyo baadhi ya skeli ambazo kwa Kiingereza huonekana kama namba zisizo na mantiki huweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa wepesi mkubwa.

Jedwali 1: Skeli, maana yake, na kimo cha mtu wa sentimita 170

1:6 – inchi mbili kwa futi moja – sm 28.3
1:12 – inchi moja kwa futi moja – sm 14.2
1:18 – inchi moja kwa dhiraa moja – sm 9.4
1:24 – nusu inchi kwa futi moja – sm 7.1
1:48 – robo inchi kwa futi moja – sm 3.5
1:72 – inchi moja kwa pima moja – sm 2.4
1:144 – inchi moja kwa pima mbili – sm 1.2

Skeli ya 1:6 inakaribiana na wanasesere wa mitindo kama Barbie, aliyetolewa mwaka 1959. Skeli ya 1:18 imehusishwa kwa muda mrefu na nyumba za Lundby za Sweden. Skeli za 1:72 na 1:48 zimezoeleka katika mifano ya ndege. Ile ya 1:144 ina nafasi ya pekee katika nyumba za wanasesere: kwa kuwa 144 ni 12 mara 12, ndiyo skeli ya nyumba ya wanasesere iliyowekwa katika chumba cha watoto ndani ya nyumba ya wanasesere ya 1:12.

Jedwali hili linadhihirisha kosa moja linalorudiwa sana. Kadiri namba ya pili inavyoongezeka ndivyo umbo linavyopungua. Skeli ya 1:12 ni kubwa kuliko ya 1:48, kama ambavyo ramani ya 1:50,000 ni ya skeli kubwa kuliko ramani ya 1:1,000,000. Mwanafunzi huona 48 na kudhani kwamba ndiyo kubwa. Chanzo cha kosa ni kuisoma skeli kama jozi ya namba badala ya kuisoma kama sehemu. Mwalimu akisema moja ya kumi na mbili na moja ya arobaini na nane, mkanganyiko huondoka, kwa kuwa hakuna anayedhani kwamba kipande kimoja cha mkate uliokatwa vipande arobaini na vinane ni kikubwa kuliko kipande cha mkate uliokatwa kumi na viwili.

5.0 Skeli na Upana wa Reli

Katika reli za mfano umezuka utata mwingine, nao ni wa kuchanganya skeli na upana wa njia ya reli. Skeli ni uwiano. Upana wa njia ni umbali kati ya pau mbili za chuma, na hupimwa kwa milimita. Mambo haya mawili yanahusiana, lakini hayalingani.

Skeli iliyoenea zaidi duniani katika reli za mfano ni HO, ambayo ni 1:87, yaani milimita 3.5 kwa futi moja. Njia yake ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha 16.5 kwa 87 unapata takriban milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli nyingi za Ulaya na Marekani. Nchini Uingereza hali ni tofauti. Injini za nchi hiyo zilikuwa nyembamba kuliko za Ulaya Bara, na mota za umeme za wakati ule hazikuweza kuenea ndani ya mabodi ya 1:87. Watengenezaji wakayapanua mabodi hadi milimita 4 kwa futi moja, yaani 1:76.2, wakaiacha njia katika upana ule ule wa milimita 16.5. Mfumo huo, uitwao OO, una treni za skeli moja juu ya njia ya skeli nyingine. Kwa hesabu ya 1:76.2, njia hiyo inawakilisha reli yenye upana wa milimita 1,257, ambayo ni pungufu ya ile halisi kwa zaidi ya sentimita 17.

Mfano wa kinyume ni mfumo wa LGB uliotolewa Ujerumani mwaka 1968. Njia yake ina upana wa milimita 45, na skeli yake ni 1:22.5. Ukizidisha unapata takriban milimita 1,012, yaani reli ya mita moja. Huo ndio upana wa Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, na wa Reli ya Kati ya Tanganyika, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza mfano wa treni za njia hizo kongwe anaweza kutumia njia ya milimita 45 bila ya kuvunja uwiano. Lakini anayetaka kuonyesha reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo upana wake ni milimita 1,435, hawezi kutumia njia hiyo kwa skeli ya 1:22.5. Itambidi atafute njia ya takriban milimita 64, au abadili skeli iwe karibu na 1:32. Upana wa njia peke yake haumwambii mtu skeli ni ipi mpaka ajue ni reli gani inayowakilishwa.

6.0 Urefu, Eneo na Ujazo

Kauli kwamba nyumba ya 1:12 ni ndogo mara 12 kuliko nyumba halisi ni sahihi kwa urefu tu. Sakafu ina urefu na upana, na kila kimoja kimepungua mara 12, hivyo eneo limepungua mara 144. Chumba kina urefu, upana na kimo, hivyo ujazo umepungua mara 1,728. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 ikipunguzwa kwa skeli hiyo hubeba chini ya nusu mililita. Mtu wa kilo 69 akipunguzwa bila ya kubadilishwa maumbile yake atakuwa na gramu 40.

Tofauti ya vizio hivi vitatu ina umuhimu wa moja kwa moja kwa mfasiri, na hakuna matini inayoonyesha hivyo vizuri zaidi kuliko kisa cha Jonathan Swift kilichochapishwa mwaka 1726. Kisa hicho kiliwafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Safari za Gulliver kupitia tafsiri ya Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Nchi ya Lilliput imejengwa kwa skeli ya 1:12, kwa kuwa wenyeji wake hawafiki inchi sita. Nchi ya majitu, Brobdingnag, imejengwa kwa skeli hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa.

Swift aliifuata skeli yake kwa makini katika vizio vyote vitatu. Wanahesabu wa Lilliput wanakadiria kwamba Gulliver anahitaji chakula cha watu 1,728, na hiyo ndiyo namba ya ujazo. Baadhi ya matoleo yana 1,724. Mfasiri anayeijua skeli ya kisa anaweza kuamua mwenyewe ni namba ipi inayotokana na hesabu na ipi inayoelekea kuwa kosa la uchapaji. Godoro la Gulliver nalo linashonwa kwa magodoro 150 ya wenyeji kwa urefu na upana, namba iliyo karibu na 144 ya eneo, kisha tabaka nne zinawekwa pamoja. Gulliver analalamika kwamba bado anausikia ugumu wa sakafu. Lalamiko hilo lina msingi wa hesabu: ili godoro lifikie unene wa kawaida zingehitajika tabaka kama 12, na yeye alipewa theluthi moja. Mfasiri asiyeona uhusiano huu anaweza kudhani kwamba 1,728 ni chumvi ya mtambaji na kuifanya watu elfu mbili, kana kwamba hakuna kinachopotea. Kinachopotea ni kejeli yenyewe, kwa sababu sehemu ya kejeli ya Swift ni kuonyesha upuuzi wa jambo zima kwa usahihi wa hesabu.

Hata hivyo usahihi wa jiometri si usahihi wa uhai. Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha kwamba mahitaji ya nishati ya wanyama hayaongezeki sambamba na uzito, bali hukaribia uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Kwa kanuni hiyo, chakula cha Gulliver kingewatosha Walilliput wapatao 268, si 1,728. Viumbe wadogo hula sana kwa kulinganisha na uzito wao, na kwa hiyo wenyeji wale wangeshinda mezani kutwa nzima.

7.0 Vitu Visivyokubali Kupunguzwa

Mwaka 1638 Galileo Galilei alieleza kwamba umbo haliwezi kukuzwa au kupunguzwa kwa kubadili vipimo vyake peke yake. Uzito hufuata ujazo, ilhali nguvu ya mfupa au nguzo hufuata eneo la mkato wake. Ndiyo maana mfupa wa mnyama mkubwa hauna budi kuwa mnene kupita uwiano. Kwa nyumba za wanasesere kanuni hii ina neema yake. Miguu ya meza ya 1:12 inabeba uzito mdogo mno kwa kulinganisha na unene wake, hivyo fundi anaweza kuichonga nyembamba kabisa bila ya hofu ya kuvunjika kwa uzito wa meza.

Lakini vipo vitu vinavyokataa. Kitambaa chenye unene wa nusu milimita kikitumika katika nyumba ya 1:12 huwakilisha kitambaa chenye unene wa milimita sita. Kwa sababu hiyo pazia la mwanasesere husimama kama ubao badala ya kuteremka kwa mikunjo, na mafundi hulazimika kuchagua hariri nyepesi kabisa na kuikunja kwa nguvu. Maji nayo hayapunguziki. Tone lina ukubwa unaotawaliwa na mvutano wa uso wa maji, si na ukubwa wa bomba, hivyo bomba dogo la bafuni likifunguliwa hutoa tone ambalo kwa mwanasesere ni kubwa kupita kiasi. Moto, vumbi, nyuzi za mbao na chembe za mchanga ni vivyo hivyo. Mpiga picha wa mifano midogo husalitiwa na vitu hivi kabla ya kusalitiwa na kosa lolote la vipimo.

Jambo hili lina uzito katika utafiti wa historia ya pwani. Ujuzi uliopo kuhusu mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba na kilichotoweka baharini mwanzoni mwa karne ya ishirini, unatokana na picha, na maelezo ya walioviona vyombo hivyo, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho. Mfano wa mtepe uliotengenezwa na fundi mjuzi unaweza kuwa sahihi katika mstari wa omo na tezi, na wakati huo huo ukapotosha katika mshono, kwa kuwa kamba halisi haikubali kupunguzwa kwa uwiano wa ubao. Mtafiti akihesabu matundu ya mshono katika mfano na kuyazidisha moja kwa moja ili kupata idadi ya matundu katika chombo halisi, atapata jibu ambalo halikuwahi kuwepo baharini.

8.0 Kuikadiria Skeli ya Kitu Kisicho na Maelezo

Mifano mingi, ya makumbusho na ya majumbani, haina maandishi ya skeli. Njia ya kuikadiria ni kutafuta sehemu ambazo vipimo vyake vinatawaliwa na mwili wa binadamu, kwa kuwa hizo hazitofautiani sana toka mahali hadi mahali. Kiti cha kukalia huwa na kimo cha takriban sentimita 45 kutoka sakafuni, meza ya kulia sentimita 75, na kidato cha ngazi sentimita 17 au 18. Kipimo halisi kikigawanywa kwa kipimo cha mfano, jibu ni namba ya pili ya skeli.

Tuseme kiti kina kimo cha sentimita 3.7 na meza sentimita 6.2. Kiti kinatoa 12.2 na meza 12.1. Majibu mawili yanakubaliana, na skeli ni 1:12. Sasa tuseme mwanasesere aliyeketishwa hapo ana kimo cha sentimita 9.4. Mtu wa sentimita 170 akigawanywa kwa 9.4 anatoa 18. Mwanasesere huyo ametoka katika nyumba nyingine, au anawakilisha mtoto mwenye kimo cha sentimita 113. Uamuzi kati ya majibu hayo mawili hutegemea uwiano wa kichwa na kiwiliwili, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na skeli sahihi hulinda tofauti hiyo.

Kipimo kimoja hakitoshi. Viti vya watoto vipo, vigoda vipo, na milango ya kale ya mawe ilikuwa mifupi. Vipimo vitatu au vinne vikikubaliana ndipo skeli inapoweza kuandikwa. Visipokubaliana, hitimisho si lazima liwe kwamba fundi hakujua kazi. Huenda alitengeneza kwa jicho na kukuza makusudi sehemu aliyoiona kuwa na maana, kama mtoto anavyochora kichwa kikubwa kuliko mwili. Katika hali hiyo maelezo ya kielelezo hayana budi kusema wazi kwamba mfano haukufuata skeli, ili atakayekuja baadaye asiutumie kama mchoro wa vipimo.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba skeli ni uwiano mmoja unaotawala sehemu zote za umbo, na kwamba udogo wake ni tofauti na udogo wa ngeli. Imeonyeshwa pia kwamba skeli ya 1:12 ilitokana na rula ya futi na inchi, kwamba skeli nyingine kadhaa hufasirika kwa dhiraa na pima, na kwamba upana wa reli ni jambo jingine kabisa. Uwiano wa urefu unapohamia kwenye eneo na ujazo hubadilika kuwa namba nyingine, na hapo ndipo tafsiri nyingi huteleza.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, katika matini za Kiswahili uwiano uandikwe kwa tarakimu kila mfano kwa skeli unapotajwa, badala ya kuachiwa kiambishi ki- kifanye kazi isiyo yake. Pili, kauli ndogo mara kadhaa isitumike bila ya kutaja kama kinacholinganishwa ni urefu, eneo au ujazo. Tatu, maelezo ya mifano iliyomo katika makumbusho ya Afrika Mashariki yaonyeshe skeli pale inapojulikana na yatamke kutokuwepo kwake pale ambapo fundi hakuifuata. Vyombo na majengo mengi ya zamani yamebaki katika maumbo madogo tu, na thamani ya maumbo hayo kama ushahidi inategemea namba hizo mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha.